Nilisema Hapiti Mchujo

Siku niliyorudisha kitambulisho cha kazi, Kevo wa zamu ya asubuhi aliniuliza swali moja tu: "Madam, ulikuwa unajuaje nani atashinda?" Nikacheka, nikamwambia nitamwandikia. Sasa naandika, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu yenu mmetoka Kitui na Kisii, na Kisomali chenu bado ni cha kuagizia chai. Mambo ya cheo na mshahara msiyatafute humu. Cheo changu kilikuwa kidogo, na mshahara mnaujua, ni ule ule wenu.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kipaza sauti katika kituo kidogo cha redio hapa Garissa na kuwaambia watu mgombea gani ana nafasi na gani anajisumbua bure. Nilianza na wagombea wa hapa hapa, nikamalizia na wa Marekani. Najua mnacheka. Wasikilizaji wetu wa kambi za wakimbizi za Dadaab hawakuwa wakicheka hata kidogo, na sababu nitaieleza nikifika hapo.

Siku ya kwanza nilitembea kwa miguu kutoka mtaa wa Galbet, buibui limejaa vumbi mpaka magotini. Mhariri alikuwa Mzee Dubow, mtu mrefu, mkavu, ndevu za hina, miwani imefungwa kwa uzi. Hakunikaribisha kiti. "Nani alikufundisha hesabu?" akauliza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuulizwa ukoo, maana hapa ndilo swali la kwanza. Nikamtaja mwalimu wangu. "Haya," akasema, "kuna wazee wamekaa nyumba ile ya nyuma ya soko la mifugo. Nenda uniletee habari ya mgombea wao."

"Mzee, mimi ni mwanamke. Nitaingiaje kwa wazee?"

"Nani amekwambia uingie? Simama nje uhesabu viatu."

Nilidhani ananifanyia mzaha wa mgeni. Nikaenda, nikasimama juani kama mwizi, nikahesabu viatu mlangoni, nikarudi na idadi. Aliitazama karatasi yangu kwa huruma. "Hivi ni vya nani?" akauliza. Sikujua. Akanirudisha. Baada ya wiki moja nilikuwa najua malapa ya mjomba wa mgombea, viatu vya ngozi vya hakimu mmoja mstaafu, na makubadhi ya mzee mmoja wa Balambala ambaye alikanyaga upande upande tangu kuvunjika mguu. Watu walifikiri nina wazimu. Mama yangu aliambiwa sokoni kwamba binti yake anazurura milangoni mwa wanaume, na jioni hiyo nilikiona cha mtema kuni.

Nyinyi mliozaliwa kwingine, eleweni jambo hili, vinginevyo hamtaelewa kosa langu. Kwetu, kabla ya kura za mchujo wa chama, wazee wa ukoo hukaa. Hukaa siku nyingi, wanakunywa chai ya maziwa, wanabishana, wanaswali, wanarudi kubishana, mpaka wamkubali mtu mmoja. Wengine huitwa pembeni, wakaambiwa safari hii waache. Aliyeambiwa aache huacha. Anaweza kununa, anaweza kuuza gari la kampeni kwa hasira, lakini huacha. Siku ya mchujo yenyewe inabaki ya kutimiza desturi. "Kubiga kura ni siku moja," Mzee Dubow alikuwa akisema kwa ile p yake iliyogoma maisha yote, "kukaa ni mwezi mzima." Watafiti walikuja kutoka Nairobi na karatasi zao za maswali, wakawauliza wauza miraa na wanafunzi, wakarudi kwao wakaandika upuzi mtupu.

Kwa hiyo nilijifunza kutazama. Viatu vinavyobaki mlangoni baada ya sala ya alasiri ni vya wenye neno. Walioondoka walikuja kunywa chai. Mgombea akitoka ndani na kumpa kila mtu mkono, hata dereva, hata sisi tulio juani, huyo ameshaambiwa aache. Aliyekubaliwa hutoka kimya, uso umekunjamana, maana ndiyo kwanza ameanza kudaiwa fadhila. Safari moja kulikuwa na kijana wa Balambala mwenye magari na muziki na picha kila ukuta, mji mzima unamwimba. Nilimwona mjomba wake akitoka siku ya pili, ameshika viatu mkononi, hakungoja hata kuvivaa. Nikasema redioni kwamba kijana hana nafasi. Wafuasi wake walinitumia vitisho, mtu akavunja kioo cha ofisi. Wiki iliyofuata kijana alijiondoa, akampa mwenzake mkono mbele ya watu. Mzee Dubow hakunisifu. Alinitumia kioo kipya nikisimamie kikiwekwa.

Sasa Marekani. Kipindi chetu kilisikika mpaka kambini, na watu wa kule walianza kupiga simu. "Nyinyi na viti vyenu vya ubunge vya Ijara," mmoja aliniambia, "sisi hatuna kura huko. Tuambie ya Marekani." Walikuwa na haki. Kila mtaa wa kambi ulikuwa na watu wenye faili la kuhamia kule. Wengine walikuwa wamehojiwa mara nne, wamepimwa vifua, wamefundishwa hata jinsi ya kupanda ngazi ya umeme, wanangoja tu jina litoke ubaoni. Rais wa kule akibadilika, faili linaweza kwenda mbio au kulala. Kwao, kujua ni nani atakayeteuliwa na chama gani lilikuwa jambo la kujua kama utauza mbuzi au utabaki nao.

Mzee Dubow alinichorea ramani ya majimbo nyuma ya katoni ya majani ya chai, nikaitundika studioni. Nilieleza hivi: kule mchujo hauji siku moja, majimbo hupiga kura kwa zamu, kama mifugo kisimani, na anayekunywa mwanzo hunywa maji mengi. Mgombea anakusanya wajumbe jimbo kwa jimbo. Asiyepata kitu katika majimbo ya mwanzo hukaukiwa, akarudi nyumbani. Watu walielewa. Kuna bibi wa kambini alikuwa akiyataja majimbo kwa mpangilio wa zamu zao kunishinda mimi.

Lakini nafasi ya mgombea nilipimaje, na mimi niko Garissa? Nilifanya nilichofundishwa. Nilitafuta wazee. Nikaona kwamba kule nako kuna wakubwa wa chama: magavana wa zamani, maseneta, matajiri wachangiaji. Kila asubuhi nilisoma habari na kuandika ni mkubwa gani amejitokeza kumuunga nani. Hivyo ndivyo vilikuwa viatu vyangu. Msimu wa kwanza nilipatia. Wa pili nikapatia tena. Nikavimba kichwa, nisiwafiche. Mtu akinisalimia sokoni namwitikia kwa nusu mdomo.

Mzee Dubow alikuwa amestaafu kufikia hapo, anatembea kwa mkongojo, lakini alisikiliza kila kipindi. Alinipigia simu. "Hapa ulisimama mlangoni ukaviona viatu," akasema. "Huko unasoma orodha ya mtu mwingine. Na nani amekwambia wale wazee wao wakimwita mtu pembeni, anaacha?" Nilimjibu kwa adabu, nikakata simu, nikasema moyoni kwamba mzee ameanza kuzeeka vibaya.

Ukaja ule msimu. Miongoni mwa wagombea wa chama kimoja alikuwamo mmoja, simtaji jina, aliyekuwa akiahidi kuwafungia mlango watu wa nchi kama ya wasikilizaji wangu. Kambini hofu ilitanda. Nami nikatazama orodha yangu ya wakubwa wa chama: karibu wote walikuwa hawamtaki. Nikasema redioni, tena kwa kicheko, kwamba huyo ni wa kelele tu. Watamkalisha chini, nikasema. Wataitana, watamwambia aache, ataacha.

Asubuhi moja baada ya kipindi askari wa getini akaniita. Kulikuwa na mwanamke amesimama kwenye kivuli cha ukuta, bahasha ya plastiki kifuani, midomo imemkauka. "Edo," akasema, yaani shangazi, kama kijana wa kwetu anavyomwita mwanamke aliyemzidi umri. "Mimi ni Nimo wa Ifo." Sauti niliijua. Alikuwa akipiga simu kila wiki kutoka kambi hiyo ya Ifo, ana maswali makali kuliko waandishi wetu wote. Kufika Garissa kutoka kambini si kazi ndogo, lazima upewe kibali, kwa hiyo nilijua hakuja kunisalimia. Nikamkalisha, nikamwagizia chai.

Alifungua bahasha. Yeye na binti zake wawili walikuwa wamekubaliwa, vipimo tayari, wanangoja ndege tu. Faili la mama yake ndilo lililokwama. Mama alipohojiwa mara ya kwanza aliulizwa mwaka wa kuzaliwa, akasema alizaliwa mwaka wa ukame. Karani akaandika mwaka mmoja. Mara ya pili akaulizwa na karani mwingine, akasema ukame ule ule, huyu akaandika mwaka mwingine. Sasa ofisi inaona watu wawili katika mwanamke mmoja. Nimo alikuwa na njia mbili: aondoke na binti zake, amwache mama peke yake kambini, au aandike barua kwamba faili lake lisimamishwe mpaka la mama litengenezwe.

"Wamesema ni miezi tu," akasema. "Lakini nikingoja, halafu yule anayesema atafunga mlango akapita? Edo, atapita?"

"Hapiti hata mchujo."

"Una hakika?"

"Wazee wa chama chake wenyewe hawamtaki, Nimo. Ataitwa pembeni. Ulishaona mtu akataliwe na wazee halafu apite?"

Alikuwa hajawahi kuona, hata mimi. Wote wawili tumekulia desturi moja ya kukalishwa chini. Alinitazama usoni. "Apa," akasema.

Nikasema wallahi. Niliapa kwa jina la Mungu, juu ya kura za watu ambao sijawahi kuona hata malapa yao, kwa sababu mwanamke mchovu alikuwa ananitazama na nilitaka kuwa mtu anayejua. Akazikunja karatasi zake, akazirudisha kwenye bahasha. "Basi namngoja mama," akasema.

Mengine mnayajua. Jimbo la kwanza la mchujo nikasema ni bahati. La pili nikasema ni hasira za watu, zitapoa. Kila zamu ilipofika nilitafuta maneno. Wakubwa wa chama walikaa kweli, wakaitana, wakaandika, wakamsihi aache. Hakuacha, na wapiga kura hawakuwauliza wazee kitu. Wakubwa wenyewe ndio walioanza kutoka mmoja mmoja na kumpa mkono. Nilipoona hivyo nilielewa, maana mkono ule wa mtu aliyeambiwa aache nilikuwa nimefundishwa kuusoma. Nilikuwa nimeutafuta kwa mtu asiye wake.

Siku ya uchaguzi mkuu matokeo ya kule yalitufikia huku ni asubuhi. Niliyasoma mimi mwenyewe saa nne, ilikuwa zamu yangu, kisha nikafungua simu za wasikilizaji. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Bibi wa majimbo alipiga akauliza, "Sasa, mwanangu, tufanye nini?" nikamwashiria fundi aweke qaswida.

Miezi michache baadaye mlango ukafungwa kweli. Nimo alinipigia nje ya kipindi. "Edo, wametutoa ubaoni," akasema. Nikaanza kusema jambo, simu ikakatika, sijui kama ni mtandao au ni yeye. Hakupiga tena. Nilifunga siku tatu za kafara ya kiapo, hazikunisaidia. Baada ya miaka mlango ulifunguka kidogo. Faili la mama likatengenezwa, lakini vipimo vya Nimo na wasichana vilikuwa vimepitwa na wakati, wakaanza upya. Kabla hawajamaliza ukafungwa tena. Habari hizo nilizipata kwa watu. Kambini, nikasikia, walikuwa wamenipa jina: Bibi Wallahi.

Mzee Dubow alifariki katikati ya miaka hiyo. Nilikwenda kumwona wiki chache kabla, nikamwambia alikuwa na haki. Akasema anajua, akaniomba nimsogezee mto. Kevo, jibu la swali lako ni hilo: sikuwa najua, nilikuwa natazama, na siku niliyoacha kutazama nikaendelea kusema. Na nawaombeni, mtu akiwauliza nani atashinda, mwulizeni kwanza atafanya nini na jibu hilo. Mimi niliulizwa na mtu aliyeshika maisha yake ndani ya plastiki, nikamjibu kama naulizwa matokeo ya mpira.

Nilipostaafu, jambo la kwanza nilikwenda Ifo. Nilimkuta Nimo sokoni, anauza vitambaa chini ya mabati. Amekonda, mvi zimetokeza chini ya mtandio. Binti yake mkubwa sasa anafundisha shule ya kambini. Nimo alinijua kabla sijafungua kinywa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikasema yote: kwamba nilimpotosha, kwamba niliapa uongo, kwamba hakuna siku sijamkumbuka.

Aliendelea kukunja kitambaa. Akakimaliza, akakiweka juu ya vingine. "Edo, barua nilikuwa nimeshaipeleka," akasema. "Siku tatu kabla sijaja kwako. Sikuweza kumwacha mama. Nilikuja Garissa nitafute mtu wa kuniambia sikukosea."

Nilikaa juu ya gunia lake la bidhaa bila kukaribishwa.

"Halafu mlango ulipofungwa," akaendelea, "mama aliuliza kwa nini hatukuondoka. Akaanza kusema ni yeye, ni mwaka wake wa kuzaliwa, amewafungia wajukuu wake. Akawa hali chakula. Nikamwambia si wewe mama, ni yule wa redio, alituapia. Akala."

Nilikasirika, jamani. Miaka yote hiyo jina langu linachafuliwa kambi nzima, nafunga, nakosa raha, kumbe barua ilitangulia! Nikamwambia Nimo maneno ambayo siyaandiki. Aliyasikiliza yote. Kisha akasema, "Mama yuko nyumbani. Akisikia umekuja atataka kukuona. Ukimwambia ukweli atajua nilibaki kwa ajili yake. Mimi siwezi kukulazimisha."

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko. Bibi kizee alikuwa amelala kitandani, mdogo kama mtoto, macho yameingia ukungu. Nilimsalimia, nikakaa chini kwenye mkeka.

"Ndiye wewe wa redio?"

"Ndiye mimi, mama."

"Wewe ulimwambia binti yangu yule mtu hapiti?"

Nimo alikuwa amesimama mlangoni. Hasira yangu ilikuwa bado haijaisha. "Ni mimi," nikasema.

"Ukaapa?"

"Nikaapa, mama."

"Wasichana wawili," akasema. "Kila nikiwasikia wakipita hapo, nafsi yangu inaniambia ni mimi. Nimo anasema si mimi, lakini Nimo ni mtoto wangu, atasema nini?" Akanitafuta kwa mkono, akanishika kifundo kwa nguvu ambayo sikuitegemea. "Sema tena."

"Ni mimi, mama. Angeondoka. Mimi ndiye niliyemwambia abaki."

Akaniachia mkono. "Basi sikusamehe," akasema, na uso wake ukalegea, kwa raha kabisa. "Nimo, mpe chai aende zake."

Bibi kizee alifariki kabla ya Ramadhani iliyopita, ndiyo maana naweza kuyaandika haya, na Nimo ameniruhusu. Alinipigia siku ya tatu baada ya maziko. "Edo," akasema, "mama hakukusamehe mpaka mwisho." Nikasema alhamdulillahi, tukalia wote wawili kwenye simu.